Makofi ya Kilbrennie

Kitendawili! Nyumba yangu ina milango miwili. Jeshi la huku linakwenda kule, jeshi la kule linakuja huku, wanapishana bega kwa bega na damu haimwagiki. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nami nachukua mji wa Inverlaggan, kwa sababu jibu liko huko huko: ni uwanja wao wa mpira, saa ya mapumziko.

Pale Inverlaggan hawajawahi kuwatenga mashabiki kwa uzio. Kila mtu anataka kusimama nyuma ya goli ambalo timu yake inalishambulia, na kwa kuwa timu hubadilishana magoli kipindi cha pili, mashabiki nao hubadilishana. Njia ni moja tu, uchochoro wa nyuma ya jukwaa, mwembamba kama utumbo wa kuku, tena katikati yake wamebandika kibanda cha mapai ya nyama. Humo ndimo watani wa jadi wanamopishana: wenyeji, Laggan Rovers, wenye skafu za damu ya mzee, na wageni kutoka ng'ambo ya kilima, Kilbrennie Vale, wenye mistari ya manjano na nyeusi. Wenyeji huwaita wageni nyigu. Wageni huwaita wenyeji bitiruti. Hayo ndiyo maamkizi yao.

Jumamosi moja ya Septemba, mvua ikinyunyiza kidogo kidogo kama mtu anayetia chumvi mchuzini, Ishbel Gourlay alikuwa akitoka kibandani na mapai mawili juu ya kikombe cha supu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, nywele za rangi ya shaba kazifunga kwa utepe, koti la sufu refu mpaka kwenye buti. Pai moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya baba yake, mzee Wattie, aliyetunza jezi za Rovers kwa miaka arobaini na ambaye hakuwahi kutoka chumba chake cha jezi kwenda kujinunulia pai hata siku moja.

Umati ukasukumana. Mwanamume mmoja mrefu akamjia kifuani moja kwa moja, supu ikaruka.

"Wee nyigu! Angalia unapokanyaga!"

"Dada, mimi nikanyage wapi? Miguu yangu haijagusa chini tangu kule kona. Nimebebwa kama mzigo."

"Mzigo umenimwagia supu mpaka kwenye skafu!"

Mwanamume akaitazama ile skafu, akamtazama na mwenye nayo, akatabasamu upande mmoja. "Afadhali. Sasa angalau Rovers wana kitu chenye ladha."

"Mnaongoza bao moja tu na mdomo umeshakuwa mpana hivyo? Tena bao la kuotea!"

"Kuotea? Beki wenu alikuwa amesimama pale kama kabati!"

Ishbel alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Yule beki kweli alikuwa kabati. Mwanamume akasema jina lake ni Struan Rennie, na kwamba kwao mtu akimwaga cha mwenzake hukirudisha. Wakarudi kwenye foleni. Foleni ilikuwa ndefu, maneno yakawa marefu kuliko foleni, kipindi cha pili kikaanza, uchochoro ukabaki mtupu. Ghafla uwanja mzima ukalipuka kwa kelele.

"Bao!" Struan alisema. "Kafunga nani?"

"Sijui."

Wakatazamana. Watu wawili ambao hawajakosa mechi tangu utoto, bao limefungwa hatua ishirini kutoka walipo, na hakuna hata mmoja aliyekimbia kwenda kuangalia. Hapo tena, wajukuu zangu, mnataka niwaambie nini zaidi?

Simu zikaanza. Struan alikuwa dereva wa lori la halmashauri linalomwaga chumvi barabarani ili magari yasiteleze. Watoto wa shule walikuwa wamelipachika lile lori jina la Shangazi Chumvi, limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Ishbel alikuwa akipokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Kila saa nne asubuhi, saa ya chai, simu ya mezani kwake ililia.

"Kliniki ya meno, habari ya asubuhi."

"Kitendawili."

"Struan, niko kazini. Tega haraka."

"Namwaga chumvi mchana kutwa, chakula changu hakikolei."

"Ni wewe na Shangazi wako. Haya na mimi: mgeni wangu akija namwambia afungue mdomo, akifungua hasemi."

"Mgonjwa wako huyo. Ningekuwa mimi ningesema."

"Ungesema nini na mdomo umejaa pamba?"

"Ningesema, laazizi, Jumamosi mnapigwa tatu."

"Ndiyo maana watu wanang'olewa meno bila ganzi!"

Vuli hiyo walikula samaki na chipsi ndani ya lori, vioo vikiwa vimejaa mvuke. Walibishana juu ya kocha, juu ya refa, juu ya tiketi zilizopanda bei, na walipochoka kubishana walipumzika kwa kubusiana. Ishbel alimpeleka nyumbani. Mzee Wattie alimkagua kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akamwambia mkewe Netta, "Ni nyigu, lakini ana adabu. Mpe chai."

Januari mzee Wattie alilala mchana baada ya kula na hakuamka. Struan alikuja mazikoni na suti nyeusi iliyombana mabegani, akasimama nyuma kabisa, akamwachia Ishbel koti lake la mvua kwa sababu kulikuwa na mawe ya barafu.

Mechi ya kwanza baada ya mazishi ikaangukia, kama bahati inavyopenda kucheza na watu, kwenye Kilbrennie Vale. Rovers wakatangaza dakika moja ya kumkumbuka Wattie. Ishbel na mama yake wakasimama katikati ya kiwanja, wameshikana mikono, wachezaji wamewazunguka.

Na hapa mjue jambo moja. Inverlaggan wafu wanaheshimiwa kwa kunyamaza. Ni hivyo tangu mgodi wa makaa ulipowafunika wanaume thelathini na wanane kwa siku moja, na mji ukakosa la kusema. Refa alipopuliza kipenga, kimya kilishuka hata ikasikika kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Ishbel alifumba macho. Katika kile kimya alihisi kama baba yake amesimama pembeni, anahesabu soksi.

Pa. Pa. Pa.

Makofi. Yalitoka upande wa wageni, jozi moja ya viganja, kisha kumi, kisha mamia. Ishbel akafumbua macho. Mbele kabisa ya wale manjano na nyeusi, mikono juu ya kichwa, akipiga makofi kwa nguvu zake zote, alikuwa Struan.

Wenyeji wakaanza kuzomea. "Hamna haya! Nyigu, hamna haya!" Dakika ikafa kabla ya kutimia. Wakati wa mapumziko, kwa mara ya kwanza tangu watu wazima wa leo wazaliwe, uchochoroni palipigwana ngumi, na mzee mmoja akavunjiwa miwani. Ishbel hakuwapo. Alikuwa chumba cha jezi, amekaa kwenye kiti cha baba yake, simu inamlilia mkononi. Alipokea mara moja tu.

"Ishbel, kipenzi, nisikilize..."

"Umempigia baba yangu makofi. Kama mtu aliyekwenda kuona sarakasi!"

"Nilikuwa namuaga. Kwetu makofi ni heshima."

"Heshima ya nyigu ni kuuma. Watu elfu moja wamenyamaza, wewe peke yako mikono inakuwasha? Umefurahi kafa?"

"Wallahi sivyo! Nilidhani mnasubiri mtu aanzishe!"

Akakata. Akaifungia namba. Kwa nini amwamini? Kilbrennie ni watu walioleta jeneza la maboksi siku Rovers walipoteremka daraja, wakalizungusha uwanja mzima wakicheka. Jumanne Struan alifika kliniki, maji yanamtiririka kofiani.

"Una miadi?" Ishbel aliuliza bila kuinua uso.

"Sina. Nina jino linaniuma."

"Lipi?"

"Yote."

"Anayefuata!" akaita, na mama mmoja aliyevimba shavu akampita Struan akimtazama kwa huruma.

Basi, timu ile ya Inverlaggan ni mali ya mashabiki wenyewe. Kila mwanachama ana kadi, na jambo kubwa huamuliwa kwa kunyanyua kadi. Mwenyekiti wa kamati yao, Dougal Baird, fundi bomba mstaafu mwenye sauti ya king'ora, alikuwa na hamu ya uzio kwa miaka. Kiti cha Wattie katika kamati walikuwa wamempa Ishbel. Dougal akaja nyumbani, akavua kofia.

"Binti yangu, mimi nikisema, watasema Dougal kazoea. Familia ya marehemu ikiandika barua, nani atabisha? Uchochoro tuufunge. Na huyo aliyeanzisha asikanyage uwanja wetu maisha yake yote. Mkutano ni Alhamisi ya wiki ijayo."

Ishbel akaandika pale pale, mezani. Jina la Struan Rennie alilipigia mstari chini mara mbili.

Netta aliisoma barua kabla Dougal hajaitia mfukoni. "Mwanangu, hii umeiandika kwa kalamu au kwa kisu?"

"Mama, ulikuwepo. Ulisikia."

"Nilisikia, ndiyo. Ila mimi nilikuwa namtazama usoni yule kijana, na sikuona anayecheka."

"Ulikuwa na machozi, hukuona vizuri."

"Haya," Netta alisema, akarudi kumenya viazi. Lakini usiku na mchana lile neno lilikaa nyumbani mle kama mgeni asiyeaga.

Jumamosi iliyofuata kiwanja cha Inverlaggan kilikuwa kimeganda, mechi ikaahirishwa. Koti la Struan la mvua lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango wa Ishbel, na kila alipotoka na kuingia lilimgusa bega. Likamchosha. Akalikunja kwa hasira, akapanda basi la saa sita na nusu kwenda Kilbrennie, nia yake amtupie usoni mbele ya wenzake, aone aibu ilivyo. Skafu yake ya damu ya mzee alijifunga shingoni wazi wazi. Kwani amwogope nani?

"Mama wee!" mwuza tiketi mlangoni akapiga kelele. "Bitiruti imejileta yenyewe kwenye sufuria! Umepotea, dada?"

"Nimeleta mzigo wa mtu. Kata tiketi."

"Haya pita, kabla hatujakutia siki."

Uwanja wao ulikuwa mdogo, umebanwa kati ya kanisa na kiwanda cha mbao. Harufu ya magome mabichi ilichanganyika na ya vitunguu vya kukaanga. Ishbel akasimama kwenye ngazi, akimtafuta Struan kwa macho. Timu zikatoka. Badala ya kuanza mpira, wachezaji wakajipanga duara. Kipaza sauti kikakohoa.

"Mabibi na mabwana, wiki hii tumempoteza Jessie Tulloch. Kwa miaka thelathini na moja alitufulia jezi. Yuko nasi mumewe, mzee Alec. Tumuage Jessie wetu."

Ishbel akainamisha kichwa, tayari kwa kimya. Kipenga kikalia.

Uwanja mzima ukapasuka kwa makofi.

Hawakuwa wakicheka. Mwanamke mmoja kando yake, mtoto kiunoni, alipiga makofi huku machozi yanamshuka mpaka kidevuni. "Jessie! Jessie wetu!" watu waliita. Na mzee Alec, kibabu kidogo kwenye mstari wa kati, alivua kofia akaigeuza huku na huku, kusini na kaskazini, akicheka na kulia kwa wakati mmoja, kama bwana harusi anayepokea pongezi. Kila kofi lilimnyoosha mgongo kidogo.

Akakumbuka ile mikono juu ya kichwa. Ile sura, ambayo mama aliiona na yeye akakataa kuiona.

Ndipo akamwona. Struan alikuwa safu tatu chini yake, nyuma ya goli. Katika watu mia sita yeye peke yake hakupiga makofi. Kofia ameishika kifuani, kichwa kimeinama, midomo imefumbwa.

"Struan!" jirani yake alimgonga kiwiko. "Mikono imeganda? Jessie aliwahi kukufulia hata zile soksi zako za utotoni!"

"Niache, Rab. Namkumbuka na mwingine. Huyo kwao wananyamaza, na mimi nilimharibia."

Walipaziana sauti juu ya makofi, na Ishbel alisikia kila neno. Koti likamdondoka miguuni. Viganja vyake vikaanza vyenyewe, kwanza taratibu kama vinaomba ruhusa, kisha kwa nguvu, bitiruti mmoja katikati ya nyigu. Alimpigia Jessie asiyemjua. Na alimpigia Wattie Gourlay, miaka arobaini ya jezi safi, dakika nzima, bila kuzomewa na mtu.

Makofi yalipokatika Struan aligeuka, akaona rangi ya skafu kabla ya kuona uso.

"Ishbel?"

"Nimekuletea koti lako."

"Liko chini, kwenye matope."

"Nimeliangusha. Mikono ilikuwa na kazi."

Akapanda zile ngazi tatu. Rab na wenzake wakajifanya wanaangalia mpira, masikio yote yameelekea nyuma.

"Ningeuliza," Struan alisema. "Ningekuuliza kwanza kwenu mnafanyaje. Lakini nilimwona mama yako amesimama pale, kimya kile, nikasema Mungu wangu, hakuna hata mtu wa kumuaga mzee? Nikaanzisha."

"Na mimi ningekusikiliza. Struan, nimeandika barua. Mbaya. Nimeomba usikanyage kwetu mpaka ufe."

"Mpaka nife? Halafu nikifa mtanipigia makofi au mtanyamaza?"

"Mjinga wewe!" Akampiga kifuani kwa ngumi, na ngumi ikabaki pale pale, na kichwa kikaifuata.

"Bao!" Rab akapiga kelele, na safari hii pia, wale wawili hawakuuliza limefungwa na nani.

Alhamisi saa moja jioni ukumbi wa Inverlaggan ulijaa, madirisha yanatoka jasho. Dougal aliinua ile barua, akasafisha koo.

"Usiisome," Ishbel alisema. "Hiyo barua ni yangu na ninairudisha. Nilikosea."

Minong'ono ikavuma. "Ulikosea nini?" Dougal aling'aka. "Tulisikia wote kwa masikio yetu!"

"Tulisikia makofi. Hatukuuliza ni makofi ya nini. Mimi nimekwenda Kilbrennie, nimeona wanavyowaaga watu wao. Wanapiga makofi na wanalia. Kumbe siku ile watu mia nne walimsimamia baba yangu kwa heshima kubwa waliyo nayo, na sisi tukawazomea. Sasa mnataka kujenga ukuta kwa sababu hiyo? Tungewatangazia tu kwenye kipaza sauti: jamani, hapa tunanyamaza. Maneno matatu!"

"Na miwani ya Hamish?" mtu akauliza.

"Miwani yangu aliivunja Mrovers mwenzangu kwa kiwiko," Hamish mwenyewe alijibu kutoka nyuma. "Mimi na uchochoro wangu tuacheni."

Watu wakacheka, na kicheko kikafungua mikono. Kadi zikanyanyuliwa, zikahesabiwa mara mbili. Uzio ulishindwa kwa kadi tisa. Lakini Dougal hakumaliza.

"Sawa. Uchochoro umepona. Ila kiti cha Wattie hakiwezi kukaliwa na mtu mwenye mchumba nyigu. Siri za timu zitakwenda ng'ambo ya kilima kwenye lori la chumvi!"

Hiyo ikamchoma. Baba yake alikaa kwenye kile kiti tangu yeye hajazaliwa. Ishbel alitazama nyuso za watu aliokua nao, akaona wengi wanaangalia viatu vyao. Akaitoa beji ya kamati kwenye koti, akaiweka mezani, akatoka na kichwa chake juu.

Nje barafu ilikuwa imeanza kushika. Shangazi Chumvi alikuwa ananguruma kando ya barabara, na Struan anatembea mbele yake huku na huko kama mtu anayesubiri habari ya wodini.

"Vipi?"

"Uchochoro upo. Kiti sina."

"Wamekutoa? Kwa ajili yangu?"

"Dougal anasema mtu mwenye mchumba nyigu hafai." Ishbel alijifuta pua kwa glavu. "Na kibaya zaidi, Struan, nimefukuzwa kwa uongo. Mimi mchumba sina. Hakuna aliyeniposa."

Struan alisimama. Kisha akapiga goti pale pale, kwenye barafu, na suruali yake ya kazi.

"Ishbel Gourlay, nisikufanye ufukuzwe bure. Nioe. Yaani, nikuoe. Yaani..."

"Inuka, utagandia hapo nikuvute kwa lori!" Lakini alikuwa analia, na alikuwa anacheka. "Ndiyo. Ndiyo, nyigu wangu. Ila isiwe Jumamosi."

"Hata mimi nilikuwa nasema isiwe Jumamosi! Wala Jumanne, kuna mechi za kiporo."

"Na Aprili haiwezekani, mkishuka daraja nitakuwa na sherehe nyingine."

"Nani ashuke?"

Wakapanda ndani ya lori, wakawasha taa ya juu, wakatoa simu, wakalinganisha ratiba mbili, yake na yake, vichwa vimegusana. Walipita mwezi mmoja baada ya mwingine. Ligi, kombe, kombe dogo, mechi ya hisani. Mwisho kidole cha Struan kikasimama.

"Juni, tarehe kumi na mbili. Rovers hawachezi. Vale hawachezi. Hata mazoezi hakuna."

Ishbel aliitazama ile tarehe kwa muda mrefu, akaiona nyeupe, tupu, haina jina la timu yoyote.

"Basi hiyo," alisema. "Siku hiyo sina mwingine wa kumshangilia."